Studio iliyomkata baba mdogo ikabakiza mkono wake

Niseme mapema: kijana wa studio anajua kazi. Ndiyo maana hasira zangu ni mara mbili.

Baada ya Idi nilipeleka picha ya familia kwenye studio moja ya Kariakoo, jina nalihifadhi. Nilitaka isafishwe kwa inchi 12 kwa 16, na ukubwa huo sikuubahatisha. Picha ya simu yangu ina uwiano wa 4 kwa 3, na 12 kwa 16 ni uwiano uleule, kwa hiyo hakuna hata ukucha unaotakiwa kukatwa. Ningeomba 8 kwa 10 ningeelewa, pale lazima pembeni paondoke kitu. Nikamwambia, "Mwanangu, itoe kama ilivyo." Akaitikia "Sawa mama" macho yakiwa kwenye kompyuta.

Jioni naenda kuchukua, nakuta nusu ya ukoo haipo. Shangazi na sinia lake la pilau, hayupo. Baba mdogo na kanzu yake mpya, hayupo. Lakini mkono wake upo! Umekaa begani kwa mwanangu wa mwisho, vidole vinne na pete ya fedha, umekatwa kwenye kifundo, hauna mwenyewe. Hata anayejifunza kupiga picha huambiwa asikate mtu kwenye kiungo: si kifundo, si kiwiko, si goti. Huyu kakata kifundo cha mtu ambaye hata kwenye picha hayumo.

Kumuuliza, ananijibu mbele ya wateja: "Mama, ilijaa watu wa pembeni. Nimeikropu ili mtoto akae kwenye theluthi. Huo mkono kama unakukera tunaufuta, dakika moja tu."

Watu wa pembeni! Huyo wa pembeni ndiye aliyenilipia ada mpaka kidato cha sita.

Ila sitaki kuwa mnafiki. Ukiufunika ule mkono kwa kidole gumba, picha ni nzuri mno. Nguzo ya umeme iliyokuwa imeota kichwani kwa mama imeondoka. Ukuta uliolala upande ameunyoosha. Jicho la mtoto limeangukia palepale mistari ya gridi inayogawa picha katika theluthi inapokutana, na upande anaotazama ameachiwa nafasi ya kutosha. Picha nimeipiga mwenyewe na sikujua ina kitu hicho ndani. Nikajisemea pale dirishani, nyota nne.

Kisha nikaisogeza karibu na macho. Simu yangu inatoa takriban pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, 4000 kwa 3000. Ukiichapa yote kwenye inchi 16, kila inchi inapata pikseli 250, zinatosha kabisa. Yeye kabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani robo ya picha, akaivuta ifike ukubwa uleule. Sasa ni pikseli 125 kwa inchi, na kope za mtoto zinaonekana kama zimechorwa kwa mkaa. Kwenye status ya WhatsApp hakuna ambaye angegundua. Hii ni ya kutundika sebuleni! Nyota mbili.

Na flashi yangu niliyompelekea picha je? Kahifadhi juu ya faili lilelile. Photoshop, programu ya kuhariri picha aliyokuwa anatumia, ina kisanduku cha kufuta pikseli zilizokatwa. Ukikiondolea alama na kuhifadhi kama PSD, faili la Photoshop lenyewe, kilichokatwa kinabaki na unaweza kukirudisha. Kama hayo ni makubwa kwake, si angeihifadhi kwa jina jingine? JPEG, faili la kawaida la picha, juu ya JPEG, baba mdogo ndiyo basi tena. Salama yangu picha bado ilikuwa kwenye simu, wala si kwa hisani ya mtu.

Nikadai irudiwe. Anataka nilipe upya, eti karatasi imeshatumika na "kazi ya ubunifu" imefanyika. Ubunifu nani alimwomba? Tulibishana mpaka mwenye duka akatoka nyuma, akanipa pole, akaichapa nzima bila malipo, nguzo na kila kitu. Yule kijana hata samahani hakusema. Alibetua midomo, akaniuliza kama ile ya kwanza naiacha.

Sikuiacha, nimeondoka na zote mbili.

Ukiwa na picha ya mtu mmoja, mpelekee, huenda ukaipenda kuliko ulivyoipiga. Ya ukoo, simama nyuma ya kiti chake mpaka itoke kwenye mashine, na flashi ichomoe mwenyewe. Nyota moja. Haya, moja na nusu, kwa ajili ya ule ukuta.