Extrapolation au The Inner Mounting Flame: uanze na ipi?

Zote mbili ni albamu za mpiga gitaa John McLaughlin, na zimepishana miaka miwili tu. Extrapolation aliirekodi London Januari 1969, wakiwa wanamuziki wanne, John Surman akipuliza saksafoni na Tony Oxley akipiga ngoma. Hii bado ni jazi. Gitaa ni safi, kila noti unaisikia inavyodondoka, na nyimbo zinapokezana bila kuvuta pumzi. Mwishoni anabaki peke yake na gitaa kavu, taratibu, kama mtu anayewaza usiku wa manane. Nikifika hapo huacha kila ninachofanya.

The Inner Mounting Flame ya bendi ya McLaughlin, Mahavishnu Orchestra (1971), ni moto mwingine kabisa. Alikuwa ameshahamia Marekani, akapiga na mpiga ngoma Tony Williams na mpiga tarumbeta Miles Davis. Sasa gitaa linanguruma, violini ya Jerry Goodman inalifukuza, na ngoma za Billy Cobham hazikupi nafasi ya kukaa. Aliyezoea roki aanze na hii. Mimi nachukua Extrapolation, kwa sababu humo namsikia McLaughlin akiwa bado anatafuta njia.