Wakala wa mizigo baridi, Dar hadi Muscat: mpe kisamvu, mchicha mnyime

Niseme mapema, mwenye haraka asipoteze muda: kwa vitu vilivyogandishwa, wakala huyu sijaona wa kumfikia. Kwa mboga mbichi, simpi tena hata fungu moja. Jina silitaji, maana huko chini nitamsema.

Mie napika vyakula vya kwetu hapa Seeb, kwa oda, na siku yangu kubwa ni Ijumaa. Samaki siagizi, Oman samaki wamejaa. Nazi zipo, mchele usiseme. Kinachonitesa ni kisamvu. Wateja wangu wengi asili yao Unguja na Pemba, na wachache wa Bara. Watakusamehe pilau iliyokauka, lakini ukiwapa kisamvu kilichokaushwa juani hawarudi.

Kule Dar mpwa wangu ndiye mkono wangu. Majani anayatwanga, anayachemsha, anayafunga kwenye mifuko ya kilo moja moja, halafu anailaza bapa kwenye friza mpaka iwe migumu. Hapo ndipo wakala anapoingia, na hapo ndipo nilipompendea. Mzigo haupokei kienyeji. Ana kipimajoto chenye ncha. Anachoma mfuko mmoja wa katikati, na kama haujafika nyuzi 18 chini ya sifuri anaurudisha. Mara ya kwanza mpwa wangu alinipigia kwa hasira: "Mama mdogo, huyu mtu anatuzungusha, kisamvu kimeganda kabisa!" Kimeganda kwa nje, moyo wake bado. Wakala mwingine niliyemtumia kabla yake angepokea, angechukua hela, na mie ningepokea uji wa kijani.

Boksi lenyewe ni la stairofomu, lile jeupe la wauza samaki, likiwa ndani ya katoni ngumu. Mifuko inasimamishwa wima, imebanana, barafu kavu inawekwa juu kwa sababu baridi inashuka. Boksi halizibwi kabisa. Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, inageuka gesi ya kaboni dioksaidi, na gesi hiyo ikikosa pa kutokea boksi linapasuka. Kwa ndege hiyo ni bidhaa ya hatari, namba yake UN 1845, na uzito wake lazima uandikwe nje kwa kilo. Nilipofungua mzigo wa Julai, wakati Muscat joto limepita nyuzi 40, vipande vidogo vya barafu vilikuwa bado vinafuka moshi na mifuko ilikuwa inagongana kama vigae. (Msiishike kwa mkono mtupu. Ina nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza.)

Ndani ya boksi anaweka na kidude cha kurekodi joto. Unakichomeka kwenye kompyuta unaona mchoro wa safari nzima. Ndege ya moja kwa moja ni kama saa tano tu, lakini mzigo hausafiri saa tano. Unapelekwa uwanjani saa nyingi kabla, unapimwa, unakaguliwa, unasubiri. Kwenye michoro yangu joto halipandi angani. Linapanda chini, pale mzigo umetoka ghala baridi na bado haujaingia tumboni mwa ndege. Ukitaka kujua wakala wako anafanya kazi au anakudanganya, tazama hapo.

Kingine nilichompendea ni kwamba anasema ukweli. Usiku mmoja alinipigia mwenyewe: "Shikamoo mama. Mzigo wako leo hauendi. Wamepakia vifaranga, na barafu kavu haiwezi kukaa nao chumba kimoja, gesi yake itawaua. Nimeurudisha kwenye friza, kesho nabadilisha barafu." Nilikasirika, maana Ijumaa ilikuwa imekaribia, lakini sikuwa na la kumjibu. Wengine wangekaa kimya mpaka umtafute wewe.

Bei. Ni ghali kuliko wenzake kwa karibu robo, na wateja wapya wanapigwa na mambo mawili wasiyoyajua. La kwanza ni uzito wa ujazo. Chukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 6000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linatoka kilo 16. Ukilijaza mchicha ambao mizani inasema kilo 9, unalipa 16. Ukilijaza kisamvu kilichogandishwa linapita kilo 20, basi unalipia uzito halisi, hulipii hewa. Na barafu kavu nayo ni uzito: unailipia yote, ingawa ikifika imebaki kiganjani. La pili ni ngazi ya kilo 45. Chini ya hapo bei ya kilo iko juu. Ukifika 45 inashuka, ukifika 100 inashuka tena. Mwenye kilo 40 mara nyingi ni nafuu alipie kama 45. Haya yote yako kwenye karatasi yake ya bei, kwa maandishi ya sisimizi. Angeyasema kwa mdomo angepunguza ugomvi.

Sasa mchicha.

Nilimpa mzigo wa mchanganyiko: mchicha, matembele na ndizi mbichi za soko la Mahakama ya Ndizi, Dar. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, kilikuwepo, kila kitu sawa. Ulipofika, mchicha ulikuwa wa njano na ndizi nyeusi kwa ganda. Nikaitazama hati ya mzigo: vyote viliandikwa PEP, yaani matunda na mboga, halafu COL, baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mchicha baridi hiyo unaipenda. Ndizi haiitaki, chini ya nyuzi 13 ganda lake linaharibika. Na ndizi yoyote inayoanza kuiva inatoa gesi ya ethilini, na majani mabichi yakiivuta yanageuka njano. Yaani aliviweka pamoja vitu ambavyo kimoja kinamuua mwenzake, kisha akavipa baridi inayomuua wa pili. Mtu anayejua kuchoma mfuko wa kisamvu kwa kipimajoto anashindwaje kujua hili? Jibu lake: "Mama, mboga ni mboga." Fidia hakutoa, akasema chakula kibichi kinasafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Kweli imeandikwa hivyo kwenye masharti yake, nimeisoma baadaye kwa makini. Bado nasema ni uzembe.

Siku za wiki pia hazijui, au hazijali. Huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Mzigo ukitua Alhamisi usiku na cheti kina kasoro hata ya herufi, wa kukikagua huku ofisi yake imefungwa mpaka Jumapili. Na Jumapili wa kukirekebisha kule Dar wamelala. Kisamvu kitavumilia ukikipatia friza. Mchicha utakuwa umeshakuwa samadi. Mie sasa nasisitiza ndege ya Jumatatu au Jumanne, naandika kwenye oda kwa herufi kubwa, na bado mpwa wangu humpitia ofisini kumkumbusha.

Kwa hiyo kwa kisamvu, mihogo iliyomenywa na kugandishwa, pweza aliyechemshwa, maandazi yaliyogandishwa kabla ya kukaangwa: mpeni, lipeni hiyo robo ya ziada, na daini kile kidude cha joto hata kama hakukitaja. Hakikisheni hati imeandikwa FRO, yaani vilivyogandishwa, na ICE, yaani barafu kavu, kabla mzigo haujaondoka. Mboga mbichi mie sasa nazichukua soko la Khazaen, zinazolimwa hapahapa. Matembele sijayapata, na nimeacha kuyaahidi kwenye menyu.

Mzigo wangu unaofuata una nafasi, sijafika kilo 100. Mlioko Seeb na Mabela mnaotaka kuchangia kilo zenu, vitu vya kugandishwa tu, tafadhali, na msiniletee ndizi.