Rotoava, kijiji cha kimya kwenye atoli ya Fakarava: kwa anayetokea Lubumbashi

Ukitafuta kijiji cha atoli (kisiwa cha pete ya matumbawe) ya Pasifiki kinachomfaa mtu wa kwetu, anza na Rotoava. Sababu ya kwanza ni lugha. Fakarava iko kwenye visiwa vya Tuamotu, Polinesia ya Ufaransa, na mwenye nyumba ya wageni, muuza duka na mwenye boti wote wanasema Kifaransa. Salimia kwa "Ia ora na", mengine utayamaliza kwa Kifaransa kile kile cha Lubumbashi. Hata saa haisumbui: tofauti ni saa 12 kamili, kwa hiyo saa sita ya mchana huku ni saa sita ya usiku kule.

Shida iko njiani. Visa ya Schengen peke yake haikuingizi Polinesia; visa yako lazima iandikwe kwamba inafaa huko, na useme hivyo tangu siku ya kupeleka makaratasi. Ukipitia Paris, Mkongo anadaiwa visa ya transiti hata asipotoka uwanja wa ndege. Kisha ndege nyingi za kutoka Paris kwenda Papeete, mji mkuu wa Polinesia ya Ufaransa, zinatua Marekani, na Marekani wanadai visa yao hata kwa mtu anayepita tu. Kwa hiyo visa zote kwanza, tiketi baadaye. Ukigeuza mpango huo, utakataliwa kupanda na tiketi imeshalipwa. Kutoka Papeete, ndege ndogo ya pangaboi ya Air Tahiti inakufikisha kwa muda wa saa moja na kidogo.

Dola zetu kule hazizunguki. Wanatumia faranga ya Pasifiki, na euro 1 ni faranga 119.33, haipandi wala haishuki. Hesabu ya haraka sokoni: toa sifuri mbili, kisha punguza sehemu moja ya sita; faranga 10,000 ni kama euro 84. Beba euro, ubadilishe Papeete, maana kijijini si mahali pa kutegemea mashine ya pesa. Nyumba za wageni ni za familia, na bei mara nyingi inahesabu chumba, chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Uliza kabla: chakula cha mchana kimo? Na kuchukuliwa uwanja wa ndege? Na baiskeli?

Baiskeli ndiyo usafiri wa pale, kwa sababu hakuna kilima hata kimoja. Atoli ni pete ya matumbawe iliyobaki baada ya volkano kuzama, na nchi kavu ni ukanda mwembamba: upande mmoja bahari kuu inanguruma, upande wa pili lagoni, yaani maji yaliyo ndani ya pete, imetulia, maji yake ya kijani hadi buluu. Mto hakuna; wanakinga maji ya mvua kwenye matangi, kwa hiyo usioge kama uko Mto Kafubu. Mboga zinaletwa na meli kutoka Papeete, na kabla meli haijafika, duka linabaki na makopo. Jumapili kijiji kinakwenda kanisani. Nenda nawe, umevaa vizuri. Nyimbo zao za sauti nyingi ni utamu ambao hakuna anayekutoza.

Chakula chao kikuu ni samaki mbichi: jodari anakatwa vipande vidogo, anakamuliwa ndimu hadi nyama inageuka nyeupe, kisha anamiminiwa tui la nazi iliyokunwa muda huo huo. Asiyezoea aombe wa kuchoma. Ila samaki wa mwambani usinunue wala kuvua bila kumuuliza mwenyeji, maana wengine wana sumu ya sigwatera, na sumu hiyo haifi kwa moto.

Safari ya boti kwenda Tetamanu, mwisho wa kusini wa lagoni yenye urefu wa kilomita 60 hivi, ndiyo inayostahili pesa yote: kanisa la zamani la matumbawe, na mlango wa bahari wa Tumakohua wenye papa wa kijivu kwa mamia. Kuogelea ni wakati mkondo unaingia, maji ni safi. Mkondo ukiwa unatoka, unakuvuta baharini. Panga safari hii siku yako ya pili, usiiweke ya mwisho. Upepo wa maraamu, kati ya Juni na Agosti, unapiga boti usoni na unaweza kuifuta safari siku mbili. Chini ya siku nne kule ni hasara. Vaa sandali za plastiki majini, kwa sababu ya matumbawe makali na samaki-jiwe, mwenye miiba ya sumu.

Polinesia haina malaria, lakini wewe unaweza kuwa umeibeba. Chukua vipimo na dawa zako, na homa ikikushika ndani ya wiki za kwanza, mwambie muuguzi waziwazi kwamba umetoka Kongo. Bila hivyo anaweza kudhani ni dengi, homa ya mbu ya kule.