Nilikatizwa kwenye mazungumzo ya mchana kwa kuuliza swali kwa Kiswahili

Kuna chuo hapa Nairobi ambako watafiti wa sayansi ya jamii hukutana saa ya chakula cha mchana. Unakuja na mkebe wako, mtu anaeleza utafiti ambao bado haujaiva, mnamsaidia kuufikiria. Mimi ni msaidizi wa utafiti tu, na nimewahi kumuuliza profesa swali huku nikila chapati madondo. Nilivipenda vikao hivi mno. Mpaka juzi juzi.

Mtoa mada alikuwa kijana wa uzamivu, na mada yake ilikuwa maji Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Kwenye slaidi aliweka maneno ya mama mmoja, yakiwa yametafsiriwa kwa Kiingereza: kwamba kuna upungufu wa maji. Nikashtuka. Nimelelewa Huruma, mtaa jirani, nimebeba mitungi ya lita 20 tangu utotoni, na sijasikia mama wa huko akiongea hivyo. Atasema maji yamepotea, au atasema yamekatwa. Yakipotea, mfereji umekauka, unangoja. Yakikatwa, kuna mtu ameyafunga, na mara nyingi ploti nzima inamjua. Ukiyaita yote upungufu, umemfuta aliyefunga bomba.

Basi nikainua mkono, nikauliza kwa Kiswahili, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la Kiswahili: "Huyo mama alisema yamepotea au yamekatwa?"

Mwenyekiti wa kikao hakuniacha nimalize. "Dada, hapa ni chuo kikuu. Uliza kwa Kiingereza au umpishe mwingine." Akamnyooshea kidole mtu wa nyuma. Kijiko kilibaki mkononi mwangu. Hakuna aliyesema neno, hata wale ambao dakika kumi kabla tulikuwa tukicheka nao kwa Kiswahili kwenye foleni ya chai.

Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Rasmi! Yule mama alisomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, akahojiwa kwa Kiswahili, akatoa saa nzima ya kazi yake. Siku ya kuyapima maneno yake, lugha yake inaambiwa ipishe. Hiyo ni dharau, na aliyedharauliwa zaidi si mimi.

Niliondoka nikiwa nimeshaamua: vikao hivi navipa nyota moja kati ya tano, na sirudi tena.

Lakini yule kijana alinifuata mbio hadi kwenye ngazi. Akatoa simu, akanipa kisikilizi kimoja, kingine akaweka sikioni mwake. Tukausikiliza mkanda wa mahojiano ya yule mama mara mbili, watu wakitupita. Mama anasema wazi: "Wametukatia." Hata si "yamekatwa". Kuna *wa-* pale mwanzoni, kuna watu. Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Dada, sura yote ya tatu itabidi niiandike upya." Tukakaa palepale karibu saa nzima, akinisomea nukuu nyingine, nikimwambia ninavyozisikia.

Kwa hiyo sijui niandike nini. Ngazi zile ningezipa nyota tano, na bila kikao nisingefika kwenye ngazi. Haya, tatu. Hapana, mbili, maana mwenyekiti ni yuleyule, na bado hajaniomba radhi. Ukienda, kaa karibu na mlango. Mimi nitakuwepo Jumatano, na nina swali lingine.