Repashy Calcium Plus kwa geko chui mdogo wa umbo

Geko chui, mjusi wa kufugwa, akiwa mzima huwa na gramu 50 hadi 80 hivi. Kwa aliyebaki na 35, unga huu wa Repashy Calcium Plus, wa kunyunyiza kwenye chakula, ni mzuri, ila hautibu udogo. Una kalsiamu, vitamini D3 na vitamini A pamoja, hivyo hakuna kupokezana makopo mawili. Tia nyenje watano wa kumlisha ndani ya mfuko mdogo na unga kidogo sana, tikisa, mpe papo hapo. Wakichelewa hujipangusa na unga wote huishia chini. Ukizidisha, ladha humkera akasusa. Anayeota taa ya UVB (mwanga wa urujuanimno) anafaa Calcium Plus LoD, aina ya unga huu yenye D3 pungufu.

Kabla ya kununua, tazama mkia. Ukiwa mnene na uzito haushuki, huyo ni mdogo tu, pengine wa ukoo. Taya laini au miguu iliyopinda ni dalili ya upungufu wa kalsiamu: daktari kwanza. Mkia uliokonda kama kijiti unataka kinyesi kipimwe kriptosporidiamu, kimelea cha matumbo, na hapo unga hausaidii kitu. Pima pia joto la sakafu ya upande wa joto wa kizimba chake. Chini ya nyuzi 31 za Selsiasi chakula hakisagiki vizuri.