Vidato vya karavani yangu: matengenezo ya pili ndiyo yaliyoshika

Mama yangu ana miaka 74 na goti la kushoto linamsumbua tangu zamani. Machi mwaka jana, mvua ya Tukuyu ikiwa haikati tangu alfajiri, alikuwa anashuka kwenye karavani yangu, kale kanyumba ka kuvutwa na gari, na birika tupu mkononi, kidato cha juu kikazama upande mmoja. Alidaka mlango, ndiyo maana hakuanguka. Birika nililiokota kwenye migomba.

Nilipoinama chini na tochi niliona kwamba kosa halikuwa pale nilipodhani. Bati la kukanyagia lilikuwa limelika katikati hadi likang'aa, lakini bado lilikuwa bati. Sikio la chuma linaloshikilia ngazi kwenye chesisi, yaani fremu ya chini ya karavani, ndilo lililokwisha. Nililichokoa kwa bisibisi likamomonyoka kama ugali uliolala.

Karavani yenyewe ni Sprite ya Uingereza ya miaka ya 1970, niliinunua Tunduma kwa mtu aliyekuwa anahama. Majirani wanaiita kanyumba ka tela. Muda mwingi imesimama uani na wageni wa familia hulala humo, lakini kila Agosti naivuta hadi Uyole, Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, nauza chai na kahawa mlangoni siku zote za maonyesho ya wakulima ya Nanenane na usiku nalala ndani. Kwa hiyo nisingeweza kujenga ngazi ya tofali mambo yakaisha. Nilihitaji ngazi ya kukunja inayoingia chini ya sakafu, kama ile aliyoifunga mwenye karavani wa kabla yangu.

Fundi wa kwanza simtaji jina. Alikuja nyumbani na mashine yake, akachomelea kipande cha chuma juu ya kutu, akapaka rangi nyeusi, akabandika utepe wa msasa kwenye vidato, akaondoka na Sh 30,000. Kazi yote haikufika saa moja. Alichomelea ngazi ikiwa bado imefungwa kwenye karavani, cheche zikaruka chini ya sakafu nikaanza kusikia harufu ya mbao inayoungua. Nilimwaga maji ya ndoo nzima. Mwenye karavani ya zamani alijue hili: sakafu ni plaiwudi, kuta zina mbao nyembamba ndani, nyingine zimejazwa na povu la kuzuia baridi, na povu hilo likishika moto halisubiri mtu. Utepe wa msasa ulibanduka mvua ya pili. Baada ya wiki saba chuma kilipasuka tena, pembeni kidogo tu ya alipochomelea. Kutu haichomeleki, na chuma kilichobaki pale kilikuwa chembamba kama jani.

Kwa miezi miwili tulitumia kijukwaa cha mbao ya msonobari wa Mafinga. Kilifaa nyumbani, lakini ni kizito, na mbao isiyotiwa dawa kwenye udongo wetu huu wenye maji haidumu.

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwenye karakana moja Mwanjelwa, Mbeya mjini. Fundi akapanda mwenyewe hadi Tukuyu, kilomita zipatazo 70, aione karavani kabla ya kutaja bei. Alimwamkia mama, kisha akamwomba apande na kushuka kwenye tofali alizozipanga, akiongeza na kupunguza mbao nyembamba juu yake, huku akimuuliza, "Hapa goti linasemaje, mama?" Sijawahi kuona fundi anayeanza kazi kwa kupima goti la mtu. Mama alikubali kimo cha sentimita 18 na si zaidi.

Kutoka chini hadi sakafuni ni sentimita 54. Ngazi ya zamani ilikuwa na hatua ya kwanza ya 26, ya pili 16, ya mwisho 12. Fundi akanieleza kwamba mguu ukishapanda hatua moja hutegemea inayofuata iwe vilevile, na tofauti hata ya sentimita mbili inatosha kumkwaza mtu, hasa gizani. Vidato viwili vinatoa hatua tatu, basi akagawa: 18, 18, 18. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na kwa miaka yote ile nilikuwa namlaumu mama kwa kutokuwa makini.

Alitenganisha waya wa betri, akafungua ngazi yote na kwenda nayo karakana. Huko alikata kwa grenda hadi akafika kwenye chuma kizima. Masikio mapya ni ya flati, chuma bapa, ya milimita 6. Kwenye chesisi hakuchomelea chochote, kwa sababu chuma cha karavani hizi ni chembamba. Aliweka sahani ya chuma upande wa pili ili mzigo usambae, akafunga kwa bolti za spana 17 na nati zenye nailoni ndani. Pale chuma kinapokutana na ubavu wa alumini alikata mpira wa tyubu akauweka katikati, maana metali hizo mbili zikigusana penye maji, alumini huanza kuliwa.

Mimi nilitaka cheka pleti, lile bati lenye michoro iliyoinuka, kwenye vidato kwa sababu inapendeza. Akakataa. Akaweka wavu wa chuma, tope na maji yapite chini. Sasa hivi, baada ya masika nyingine, naungana naye kabisa: udongo wa Rungwe unanata, na juu ya bati unakuwa sabuni. Wavu unauma miguu ya watoto wasiovaa kandambili, ingawa alisugua kingo.

Ameongeza pia miguu miwili ya kurefusha na kufupisha, yenye vitako vya sentimita 15 kwa 15 ili isizame. Mguu ukishafika ardhini, mzigo hauning'inii tena kwenye masikio peke yake. Rangi ni redoksaidi, ile ya kuzuia kutu, mara mbili, kisha nyeusi. Siku ya kukabidhi alipanda na mfuko wa saruji wa kilo 50 begani, akasimama kidato cha juu, akaruka. Mama alifumba macho.

Nililipa Sh 185,000, nauli yake ikiwa humo. Ngazi mpya ya alumini niliyoulizia Dar ilikaribia mara tatu ya hiyo kabla ya usafiri, na matundu yake yasingelingana na chesisi yangu.

Lililoniudhi ni muda. Alisema siku tatu, zikawa tisa. Umeme ulikatika, naelewa, lakini simu moja ingenitosha. Nilikuwa nimebakiza siku chache niondoke kwenda Uyole. Pini inayozuia ngazi ikiwa imekunjwa nayo ina uwazi, inagonga njia nzima. Tangu Kiwira hadi Igawilo nilisikia kongokongo nyuma ya gari, nikasimama nikaifunga kwa kipande cha mpira. Ukimpa kazi ya namna hii, mwambie mapema juu ya pini.

Nanenane watu walipanda na kushuka kuanzia asubuhi hadi jioni, na hakuna kilicholegea. Nimekaza bolti mara moja tu, mwezi wa kwanza baada ya ngazi kufungwa. Mama aliporudi kulala kwenye karavani alishuka taratibu, akasimama chini, akapanda tena bila kushika kitu, kisha akampigia fundi simu kumwambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa. Akaongeza ombi: chuma cha kushikia upande wa kushoto, upande wa goti lake. Fundi ameshakuja kupima; anasema kitafika usawa wa kiuno cha mama, si changu.