Wenzi wa Samaki Malaika: Wa Kununua Kwanza na wa Kuacha Dukani

Malaika, samaki wa kufugwa kwenye tangi la kioo, anapouzwa huwa mdogo kama sarafu, mpole, anaelea tu. Asikudanganye. Akitunzwa vizuri, mwili wake hufika sentimita 15, na ukimpima kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini anaweza kuvuka 20. Ni sikilidi, yaani wa jamii moja na perege, kutoka mito ya Amazoni, na kinywa chake kinachoonekana kidogo huchomoza mbele ghafla anapowinda. Kwa hiyo kila unayetaka kumweka naye mpime kwa mambo matatu: je, ataingia kinywani? Ana tabia ya kunyofoa mapezi? Anaweza kuishi kwenye maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi?

Orodha hii ni ya tangi la lita 200 na kuendelea, lenye kimo cha sentimita 45 angalau. Tangi likiwa la lita 100, tatizo si mwenzi yupi umchague. Malaika mwenyewe hatoshei.

1. Koridora sterbai, kambare mdogo. Huyu ndiye wa kwanza, wala hana mpinzani wa karibu. Anakaa chini, malaika anakaa katikati, hawagombanii nafasi. Tofauti na koridora wengine wanaopenda maji ya baridi kidogo, sterbai hustahimili nyuzi 28 bila shida. Nunua sita au zaidi, kwa sababu akiwa peke yake hujificha. Dukani tazama sharubu: ziwe ndefu na nzima. Zilizokatika au kuwa vibutu ni dalili ya sakafu chafu, na samaki wa hivyo mara nyingi huja na maambukizi. Mwambie muuzaji amkamate kwa kikombe, si kwa wavu, maana miiba ya mapezi yake hunasa kwenye nyuzi na ukimvuta unamjeruhi. Nyumbani mtandikie mchanga laini. Chakula chake kiwe cha kuzama, umpe baada ya kuzima taa, la sivyo malaika watakimaliza kabla hakijafika chini. Ukimwona anachomoka kwenda juu kuvuta hewa kisha anarudi chini, usishtuke, ndivyo alivyoumbwa. Wakifanya hivyo wote mfululizo, hapo kagua maji.

2. Tetra pua nyekundu, samaki mdogo wa kuishi kwa kundi. Wanane hadi kumi na wawili waogeleao pamoja hupendeza kuliko samaki wengi wa bei kubwa. Hufika sentimita 5. Usichukue walio chini ya sentimita 3 kama malaika wako tayari wamekua, watamezwa. Faida yake nyingine: kichwa chake ni kipimo cha maji. Wekundu ukiwa mkali, mambo shwari. Ukipauka, kuna msukosuko, mara nyingi nitriti au nitrati, taka zitokanazo na kinyesi na mabaki ya chakula, zimepanda. Ndiyo maana dukani usinunue kutoka kwenye tangi ambalo wote wamepauka, hata ukiambiwa wamechoka na safari tu. Rudi baada ya wiki.

3. Pleko mwenye ndevu, yaani Ancistrus, kambare mla mwani. Mmoja tu anatosha, hufika sentimita 12 au 13, anakwangua mwani kwenye kioo na magogo. Hatari iko kwenye jina. Pleko wa kawaida akiwa mchanga anafanana naye kwa mtu asiyezoea, lakini huyo huvuka sentimita 40. Mwingine wa kukwepa ni Gyrinocheilus, mrefu mwembamba, anayeuzwa kama mla mwani. Akikua huacha mwani na kujibandika ubavuni mwa malaika, anafyonza ute wake, na kidonda kinabaki.

4. Gurami lulu. Mtulivu, mwili wa sentimita 12 hivi. Dume mmoja na majike wawili. Madume wawili watakuharibia amani.

5. Tetra wa Kongo. Mzuri sana, ila anataka tangi lenye urefu wa sentimita 120 na kundi la sita. Amewekwa mwisho kwa ajili ya nafasi tu.

Na neoni, tetra wadogo sana? Wapo wanaofanikiwa kwa kuwakuza pamoja na malaika wadogo. Siku malaika wakishakua, neoni huanza kupungua mmoja mmoja usiku, na mwenye tangi anatafuta ugonjwa ambao haupo. Uduvi wadogo nao ni chakula. Barbu milia, Puntigrus tetrazona, hunyofoa mapezi marefu. Samaki wa dhahabu hutaka maji ya baridi zaidi. Hao waache.

Kuna jambo ambalo hata orodha nzuri haiwezi kuliondoa: malaika wawili wakioana na kutaga kwenye jani, hufukuza samaki wengine wote hadi kona moja. Weka kioo cha kutenganisha, au wahamishe wao.

Samaki wapya wote wakae tangi la peke yao wiki mbili hadi nne, ukiangalia vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Kisha ingiza koridora na tetra kwanza, malaika mwisho, ili asijihesabu mwenye nyumba. Kama tayari yumo, zima taa, hamisha magogo na mimea ndipo uwatie wapya, na siku hiyo walishe malaika kabla.